Mama Mkwe Ndani ya Diski

Fundi Kanda hakuamini kitu chochote kinachofanya kazi bila kugusana na kingine. "Moto unagusa sufuria, sindano inagusa nguo, hata maneno ya mke wangu yananigusa," alizoea kuwaambia wateja waliomjia na habari za diski. "Sasa wewe unataka niamini kuna mashine inasoma picha kwa kuikodolea macho tu?" Wateja walicheka wakidhani anatania. Hakuwa akitania hata kidogo. Alikuwa amezeekea kwenye bisibisi, na katika miaka yote hiyo kila kilichopita mezani pake kilifanya kazi kwa kugusana, na kiliharibika kwa kugusana vilevile.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, cha kuingia kiubavu, na ukutani deki za video zilipangwa mpaka darini. Nyingi zilikuwa maiti alizokuwa akizichomoa vipuri. Meza ilijaa makovu ya risasi ya kulehemu, na hewa ya humo ilinuka spiriti asubuhi mpaka jioni. Zamani alikodisha kanda pia, ndiyo maana jina la Fundi Kanda likamganda. Hata mkewe akimkasirikia alimwita hivyohivyo, ila kwa kulivuta, na yeye akisikia limevutwa alijua leo chai atajipikia.

Na kanda kweli aliijua. Kwa asiyewahi kufungua moja, ni kisanduku cha plastiki chenye utepe mrefu uliozungushwa kwenye magurudumu mawili. Utepe wenyewe umepakwa unga laini wa rangi ya kutu, na picha imo kwenye unga huo, imelazwa humo kwa nguvu ya sumaku. Ukiitia kanda kwenye deki, mashine inauvuta utepe nje na kuukumbatisha kwenye kipipa cha chuma kinachozunguka kwa kasi. Ubavuni mwa kipipa kuna vichwa vidogo kuliko punje ya mchanga, na vichwa hivyo ndivyo vinavyopita juu ya utepe vikiusugua kimshazari, mstari mmoja baada ya mwingine, na kuinyanyua picha. Ni kugusana kutupu. Tatizo ni kwamba kila unapotazama, unga kidogo unabaki kwenye vichwa. Fundi Kanda alivifuta kwa kipande cha ngozi laini, kisha akamwonyesha mteja lile doa la kahawia. "Unaona hili? Hii ni sura ya mtu. Mmemtazama mpaka mmemla."

Basi nyumbani kwake kulikuwa na kanda moja ambayo hakutaka iliwe.

Ilianza kama majaribio ya kamera. Mteja alileta kamera yake kubwa ya begani, ile ya kupigia harusi, na Fundi Kanda, wakati huo kijana aliyeoa juzijuzi, alipomaliza kuitengeneza akaibeba mpaka nyumbani kuijaribu. Uani alimkuta mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea, anaanika nguo. Mama mkwe huyo hakupenda kupigwa picha. Kwenye picha zote za familia alikuwa ama amegeuka, ama amejificha nyuma ya mtu mnene. Lakini kamera hii hakuitambua mara moja. Akaendelea kukung'uta mashuka, kuyatundika, kulilaani shuka moja lililotatuka, mpaka alipogeuka na kuona lile dude limemwelekea. "Ondoa hilo dude usoni pangu!" alisema, huku akicheka kwa sababu alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni na havikumruhusu kukasirika vizuri. Kisha akavitema mkononi, akageukia mlango wa jikoni, akaita, "Chiriku! Chiriku we! Njoo umwone mumeo anavyonitia aibu!"

Hapo betri ikazima. Mke wa Fundi alikuwa ndani akimimina maji kwenye pipa na hakusikia. Alipotoka, kamera ilishakufa na mama yake alishaanza kumgombeza mkwewe kwa heshima zote, kama mama mkwe anavyopaswa.

Jina la Chiriku alilipewa utotoni kwa sababu ya kuongea bila kupumua, na aliyekuwa akimwita hivyo ni mama yake peke yake. Mama huyo alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyemwita mke wa Fundi kwa jina lile, ila ile kanda.

Fundi Kanda ndiye aliyeweka sheria. Kanda itatazamwa mara moja kwa mwaka, mwisho wa mwaka, watoto wakiwepo, basi. Mkewe alilia, akanuna, akamwita kwa kulivuta jina kwa wiki nzima. "Ni mama yangu," alisema. "Unanipimia mama yangu kwa kijiko?"

"Mama watoto, nisikilize. Ukimtazama kila siku, mwaka kesho utabaki unatazama chenga. Mimi nimeziona kanda za namna hiyo. Mnazileta kwangu zimekwisha, mnataka nifanye miujiza."

Ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Familia inakaa, kanda inaingia, mashuka yanatundikwa, vibanio vinatemwa, Chiriku anaitwa, kimya. Mkewe alikuwa akitazama amebana mikono katikati ya magoti. Ikiisha anainuka kwenda jikoni, na hakuna aliyemfuata.

Watoto walikua wakaenda zao. Deki zikaanza kuisha mjini, kisha vipuri vyake. Ikafika mahali Fundi Kanda alikuwa anatengeneza redio na pasi za umeme ili mlango usifungwe, na ile kanda, akiinusa, ilianza kutoa harufu ya siki. Hiyo ni harufu mbaya kwa anayeijua. Mpwa wake, binti wa dada yake, mwenye duka la kunakili diski na kutoa picha mtaa wa pili, alikuwa amemwambia kwa muda mrefu, "Mjomba, lete tuihamishe. Mnasubiri nini, ioze?" Na yeye kwa muda mrefu alikuwa akimjibu kwamba hampeleki mama mkwe wake kwenye sahani ya chai.

Safari hii alikubali. Siku moja kabla ya kuipeleka, aliileta kanda mezani aisafishe. Akainua kile kifuniko cha mbele, akauzungusha utepe polepole kwa kidole chini ya taa, akiutafuta ukungu. Ukungu haukuwepo. Alichokiona ni kitu kingine, na akasimamisha kidole.

Inabidi nieleze alichokiona, maana mwingine angepita bila kukiona. Miaka ile ya kukodisha, kanda zilikuwa zinamrudia zikiwa na siri za wateja. Utepe uliorudishwa nyuma mara nyingi mahali pamoja unachakaa mahali hapo: unga umekonda, kingo zimejikunja kidogo kama ukosi wa shati la kila siku. Ukiutazama kwenye taa unajua kabisa mteja alikuwa anarudia nini. Kuna mzee mmoja mwenye sura ya ukali ambaye kanda zake zote zilichakaa kwenye nyimbo za mapenzi. Fundi Kanda alikuwa akiyajua hayo na kunyamaza, kama daktari.

Na kanda hii ya mwaka mara moja ilikuwa imechakaa vibaya mahali pamoja tu. Hakuhitaji kuitia kwenye deki ili ajue ni wapi. Aliujua utepe ule. Akapima kwa macho unene wa lile gurudumu la kushoto, akajua ni pale mama mkwe anapogeukia mlango wa jikoni.

Nyumbani walibaki wawili tu. Akakumbuka jioni alizorudi kazini, akaweka mkono juu ya deki akitafuta funguo zake, na kuikuta ina joto. Alikuwa akijiambia ni jua la dirishani. Akakifunga kile kifuniko taratibu, akakaa kwa muda bila kugusa chochote. Kwa mkewe hakusema neno.

Duka la mpwa wake lilikuwa jeupe, limejaa mwanga, hata vumbi halikuwa na pa kukaa. Binti akaunganisha deki ya zamani na mashine ya kurekodia diski kwa nyaya, kanda huku, diski kule. Wakatazama. Ilipofika pale, chenga zikajaa kiooni, mistari myeupe ikakata uso wa mama mkwe, sauti ikayumba: "Chi-ri-ku we!" Binti akakunja uso. "Mjomba, hapa pameharibika sana. Nani kaifanyia hivi?"

"Uzee," akajibu Fundi Kanda.

Ikaisha. Diski ikatoka, imara, inang'aa. Na hapo Fundi akafanya jambo ambalo mtu wa kanda tu ndiye anaweza kulifanya: akairudisha kanda nyuma mpaka mwanzo kabla ya kuitoa. Hakukuwa na haja. Hakuna aliyengoja kuitazama tena. Lakini maisha yake yote aliwagombeza wateja wanaorudisha kanda bila kuizungusha, na mkono ulijiendea wenyewe. Deki ikalia, ikakwaruza, ikanyamaza. Alipoifungua, ilikuwa imeutafuna utepe wote kwa ndani, umekunjamana na kukatika vipande, na unga umebanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

"Basi diski ndiyo yenyewe sasa," binti alisema kwa sauti ya chini. "Tutengeneze na ya pili, mjomba. Ya akiba."

"Si umesema hii haichakai?"

"Haichakai kwa kutazamwa."

"Basi moja inatosha."

Kabla hajaondoka akataka kuonyeshwa. Hakutaka maelezo, alitaka kuona kwa macho. Binti akachukua deki mbovu ya diski, akafungua kifuniko, akamwonyesha kipande kidogo cha kioo kilichokaa chini ya mahali diski inapozunguka, mfano wa jicho la samaki. "Hapa ndipo panapotokea mwanga wa leza. Usiinamie ikiwa inawaka, utaumiza macho. Unapiga chini ya diski, unaakisiwa, unarudi. Basi."

"Basi vipi? Unarudi na nini?"

"Unarudi au haurudi. Ndani ya diski kuna mstari mmoja, unaanza katikati karibu na tundu, unazunguka, unazunguka, mpaka ukingoni. Za kiwandani zinakuwa na vijishimo kwenye huo mstari. Hizi za kwangu mwanga mkali unaunguza madoa kwenye rangi iliyomo humo ndani. Mwanga ukipita penye doa unarudi hafifu, ukipita pasipo na doa unarudi wote. Hafifu, wote, wote, hafifu. Mashine inahesabu hayo tu, na kwenye hayo tu inatengeneza picha."

Fundi Kanda akaigeuza diski mkononi. Rangi zikakimbia juu yake, kijani, zambarau, nyekundu. Aliuliza ni nani aliyeipaka rangi. Binti akacheka. "Hakuna rangi ya upinde wa mvua humo, mjomba. Ni ile mistari. Imekaribiana mno mpaka inaupasua mwanga wa kawaida vipandevipande. Unywele mmoja ukilala hapo unafunika karibu mistari mia."

Yeye alikuwa amezoea vichwa vidogo kuliko punje ya mchanga, na alijiona mtu wa mambo madogo. Sasa unywele wake mwenyewe, wenye mvi, ulikuwa mkubwa kama gogo lililoangukia mashamba ya watu. Na mama mkwe yumo humo, na mashuka yake yote, na kile kicheko cha vibanio, vimegeuzwa kuwa madoa yasiyohesabika ya hafifu na wote, na mwanga unapita juu yake bila kumgusa. "Haigusi," alisema. "Kweli haigusi."

"Haigusi kabisa. Mtazame asubuhi mpaka jioni, yuko vilevile."

Jioni hiyo mkewe aliambiwa sheria imefutwa. Hakuruka wala kupiga kigelegele. Aliuliza tu, "Hata kesho naweza?" na alipojibiwa hata kesho, hata keshokutwa, akageuka upande wa ukuta kwa muda. Wakakubaliana wataitazama Jumapili, wakiwa wametulia, wameoga, kama watu wanaokwenda kumpokea mgeni.

Jumapili asubuhi Fundi Kanda akaona diski ina alama ya kidole. Kidole chake mwenyewe. Mgeni anakuja halafu nyumba chafu, haiwezekani. Akachukua kile kipande chake cha ngozi, rafiki yake wa miaka yote, akaisafisha diski kwa namna anayoijua. Vichwa vya deki ukivifuta kwenda juu na chini vinakatika. Vinafutwa kwa kufuata mzunguko wa kipipa, kwa upole, bila kutoka njiani. Ndivyo alivyofanya kwenye diski. Akazungusha, akazungusha, kwa subira na kwa mapenzi, akiufuata mzunguko. Ile ngozi ilikuwa imefuta mashine za nusu ya mji, na chembe za chuma zilizokuwa zimejificha humo hakuziona.

Mchana wakaketi. Mashuka yakatundikwa. Shuka lililotatuka likalaaniwa. Mkewe akatabasamu, mikono imebanwa magotini kama kawaida. Mama mkwe akaanza kugeuka, na kabla uso haujafika, picha ikaganda. Ikavunjika kuwa vipande vya mraba vya rangi, sauti ikatoa mlio kama wa kigugumizi, kisha kioo kikawa cheusi. Akajaribu tena. Palepale. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Palepale.

"Umeifanya nini?" mkewe akauliza.

"Nimeifuta tu."

"Na kanda iko wapi?"

Hakuwa amemwambia. Akamwambia. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo alishaviosha. Fundi Kanda alikaa mbele ya kioo cheusi akisikia maji yanamiminika, na moyo ulimuuma kuliko siku ya msiba wenyewe, maana siku ya msiba hakuwa yeye aliyefanya.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mpwa wake kabla duka halijafunguliwa. Binti akaipeleka diski kwenye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Duara nyembamba nyembamba zilikuwa zimeuzunguka uso wake mzima. "Mjomba! Umeifuta kwa kuzungusha?"

"Sasa ningeifutaje?"

"Kutoka katikati kwenda nje! Ungeniuliza!" Kisha akamwona mjomba wake alivyokaa, akapunguza sauti, akavuta kiti. "Sikia. Hii mashine ina akili moja ya ajabu. Maandishi yake hayapangwi kama kwenye kanda, hili baada ya hili. Yanatawanywa, halafu yanaongezewa mengine ya ziada ya kuyapimia. Kipande kidogo kikipotea, inakipiga hesabu kutoka kwenye vilivyobaki, na wewe mtazamaji huoni kitu."

"Inajua kilichopotea?"

"Inakitafuta mpaka inakipata. Kwa hiyo mkwaruzo ukikata mistari kwa upande, kila mstari unapoteza kidogo tu na mashine inajaziliza. Lakini wako umeufuata mstari. Umefunika sehemu ndefu kwa mkupuo, na mashine ikakosa pa kushika."

Fundi Kanda akainamisha kichwa. Ule upole wake wote ndio ulioharibu. Angeifuta kwa pupa, ovyo, kwa mkono wa mtoto, huenda mama mkwe angekuwa mzima. "Amekwenda, basi," alisema.

"Nani amekwenda? Angalia." Binti akainyanyua diski, akamwonyesha ukingo wake. "Kwenye kanda picha iko juu, kwenye unga. Ukikwaruza unga umeikwaruza picha. Hapa picha iko katikati, katikati ya plastiki mbili. Hii uliyoikwaruza ni kama kioo cha dirisha tu. Ukisimama dirishani ukatazama nje, unaona watu wa barabarani, doa la kwenye kioo hulioni vizuri. Mwanga wa leza nao unafanya hivyo, unalenga mbali, unapita usoni ukiwa mpana, na unakuja kuwa mwembamba huko ndani. Ila ukilitia dirisha mikwaruzo mingi mno, hata huko nje hakuonekani. Nje kwenyewe hakujaguswa, mjomba. Ni dirisha."

Alimtazama mpwa wake kama mtu aliyeambiwa kaburi liko tupu. Yumo. Amekaa mle ndani, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, na ujinga wote wa mkono wake umeishia nje mlangoni. Akatoa leso.

Binti alitaka kuing'arisha yeye, mjomba akakataa. Akapewa kitambaa kipya cha pamba, maji, na dawa ya meno nyeupe ya kawaida, ile isiyo na punje. "Kidogo tu. Kutoka katikati kwenda nje. Ukizungusha, nakunyang'anya."

Ikawa kazi ngumu kuliko zote alizopata kuzifanya. Mkono wa Fundi Kanda ulijua kuzunguka. Kila alipousahau, ulianza kujipinda wenyewe, na binti akaguna, "Mjomba," naye akaunyoosha. Kutoka tunduni mpaka ukingoni, anainua, anarudi tunduni. Jasho likamtoka puani. Wateja wakaja, wakamwona mzee mzima ameng'ang'ana kuipiga mswaki diski, wakahudumiwa na kwenda zao. Ile duara ya mikwaruzo ikafifia, ikawa ukungu, ukungu nao ukapungua. Wakaiosha. Wakaikausha kwa kuigusisha tu kitambaa.

Binti akaitia kwenye mashine, akaipeleka moja kwa moja kwenye lile eneo. Picha ikasita. Ikavunjika kipande kimoja pembeni, ikajikusanya, ikaendelea. Mama mkwe akageuka.

Safari hii Fundi Kanda hakuulizwa kuhusu ya akiba. Aliomba mwenyewe, na akaomba na nyingine ya kila mtoto.

Jioni mkewe alikuwa amekaa nje ya mlango akichambua mchele. Alimwona anakuja na bahasha kifuani. Akaingia nyuma yake akaketi pale pale pa jana, mikono magotini. Fundi akaweka diski. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane: akampa mkewe rimoti.

"Ya nini?"

"Ya kwako."

Mashuka yakatundikwa. Vibanio vikatemwa. Mama mkwe akageukia mlango wa jikoni, na zikaja zile chenga, mistari myeupe ikimkata uso, kama zilivyokuja dukani, maana diski ilikuwa imechukua kila kitu, mama na uchakavu wake. "Chi-ri-ku we!" Kisha kimya cha betri iliyozima.

Mkewe alikuwa ameinamia rimoti. "Hizo chenga," alisema polepole, "si uzee."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Utepe uliniambia. Umechakaa mahali pamoja."

Akanyanyua uso. "Tangu lini unajua?"

Fundi Kanda akafikiria. Angeweza kusema tangu juzijuzi, kwenye taa, na isingekuwa uongo sana. Lakini aliikumbuka ile deki yenye joto, jioni nyingi, na jua la dirishani ambalo dirisha lake lilitazama upande jua lisikopita. "Tangu zamani," alisema.

"Na hukunigombeza."

"Ningekugombeza, ungeacha."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, mtu aliyemfungia mama yake kwa sheria na kumwachia mlango wazi. Macho yake yakajaa, akayaacha yajae. "Na hizi chenga haziondoki?"

"Haziondoki. Lakini haziongezeki tena. Hata ukimwita siku nzima."

Akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akakibonyeza. Mama mkwe akageuka tena, ndani ya theluthi yake ya uso iliyobaki, akicheka. "Chi-ri-ku we! Njoo umwone mumeo anavyonitia aibu!"

Miaka yote Fundi Kanda alikuwa amekisikia kile kimya kinachofuata, na siku zote alidhani ni betri tu.

"Abee, mama," mkewe akaitikia. "Nakuja." Na akarudisha nyuma.